Sala ya Maneno Matatu

Tope la mto Nyamwamba lilinuka majani yaliyooza na mafuta ya taa. Mwaka ule mto ulipofurika Kasese, harufu hiyo ilikaa puani mwangu muda mrefu baada ya nguo zangu kufuliwa. Nilikuwa na miaka kumi. Maji yalishuka kutoka milimani mchana, yakibingirisha mawe, na mama, aliyekuwa amerudi ndani kuchukua blanketi, hakutoka tena. Walimpata siku ya tatu, kwenye shamba la pamba upande wa chini. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi, na kweli mtaani kwetu walizikwa wengi wiki ile, lakini mimi sikuona harusi wala msiba. Niliona watu wakifungua midomo na kuifunga. Sikulia.

Baba alibaki akichimbua tope kwenye mabaki ya nyumba, nami nikapelekwa Bwera kwa dada yake, shangazi Mbambu, aliyeuza samaki wakavu katika soko la Mpondwe, mpakani na Kongo. Nilikula nilipoambiwa kula, nikalala nilipoambiwa kulala. Bundu, ugali wetu wa muhogo, ulikuwa kama karatasi mdomoni. Kila asubuhi kabla ya soko, wanawake wanne wa kanisa la shangazi walikusanyika uani, wakamenya muhogo huku wakiimba kwa Kikonzo, kisha wakaomba kwa zamu. Walimtajia Mungu kila kitu: mume mgonjwa, mvua, mzigo uliokwama forodhani. Nilikaa kati yao kwa sababu sikuwa na pengine pa kukaa. Siku moja nilimwambia shangazi, "Mimi siwezi kuomba. Nikifunga macho hakuna kitu." Nilitegemea anikemee. Akafuta mikono kwenye kitenge chake, akasema, "Basi usiombe. Sisi tutaomba na fungu lako. Wewe kaa hapa, menya. Polepole ndio mwendo." Nikamenya. Kwa majuma mengi waliniombea hivyo, kama watu wa milimani wanavyomteremsha mgonjwa kwa machela, bega hili likichoka wanabadilishana.

Kisha asubuhi moja Mama Kabugho, muuza mawese aliyevuka kila siku kutoka upande wa Kongo, alinigeukia. "Leo njo wewe utatuombea, mutoto."

"Mwache, Mama Kabugho," shangazi akasema. "Bado."

"Iko na mudomo," akajibu yule mama bila ukali. "Aseme hata kidogo. Mungu hapimi urefu."

Wakainamisha vichwa, wakangoja. Nilitazama ganda la muhogo lililoning'inia kwenye kisu changu, nikasema, "Mungu, mama amekufa." Sikuwa nimewahi kuyatamka maneno hayo. Nilisubiri waniambie kwamba hiyo si sala. Wote wakaitikia, "Amina," kwa sauti ileile waliyoitikia sala ndefu, na Mama Kabugho akanivuta kifuani pake, penye harufu ya mawese. Hata hapo sikulia. Lakini mchana ule niliposhika tonge, nikasikia ladha, nikamwambia shangazi kwamba chumvi imezidi kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Alikuwa amesimama na mwiko. Akakaa chini, akalia yeye.

Sasa nina watoto wawili na nimerudi kuishi Kasese, mbali na mto. Kanisani kwetu kuna vipaza sauti, na sala zetu ni ndefu. Hata mimi nimejifunza kuomba kwa ufasaha, ingawa mara nyingine maneno hupita na moyo ukabaki palepale, na siogopi tena hali hiyo. Shangazi amezeeka, miguu haimfikishi sokoni. Mama nilimlilia nikiwa mtu mzima, asubuhi moja ya kawaida nikianika nguo. Jumapili iliyopita binti yangu mkubwa aliniuliza bibi yake alikuwa mtu wa namna gani. Nilimweleza mpaka chai ikapoa, na yeye alipochoka kusikiliza, mimi bado nilikuwa na mengi.