Mwanangu anatembea, lakini kwetu wanamwombea atembee

Admin, nakuomba jina langu libaki kwako. Wanaukundi wenzangu, shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Nina miaka 24, elimu yangu ni kidato cha nne. Nimeolewa, naishi Same mjini na nina mtoto mmoja wa kike, ana mwaka na miezi mitatu. Nauza tangawizi sokoni. Mume wangu ni fundi pikipiki. Hanipigi wala halewi, nalisema mapema ili msije mkamtukana bure.

Shida yake ni shaba. Anakusanya vitu vya zamani vya shaba ile ya njano. Ana pasi ya mkaa yenye jogoo, birika, mizani, taa, na vingine hata majina yake sijui. Anavisugua kwa limau na majivu mpaka unajiona sura. Vyote viko kwenye kabati la vioo sebuleni, na ufunguo anatembea nao kwenye ovaroli. Yuko kwenye kundi la simu la watu wenye ugonjwa kama wake, wanatumiana picha na kubadilishana vitu.

Sasa kwenye ukoo wa mama yangu, huko juu milimani, kuna njuga nne za shaba kwenye mkanda wa ngozi. Zina umri mkubwa kuliko bibi. Mtoto wa ukoo akianza kusimama anavalishwa mguuni, na siku akitoka jikoni mpaka mlangoni bila kushika kitu, zinavuliwa. Mama yake anazipeleka mwenyewe kwa mtoto anayefuata, anapikiwa makande, anarudi kwake. Bibi alitembea nazo, mama alitembea nazo, na mimi pia. Hazina mwenyewe. Bibi alipomvalisha mwanangu aliniambia neno moja tu, nisizicheleweshe, nikamwahidi.

Mwanangu alitembea miezi miwili iliyopita. Nililia kwa furaha. Mume wangu akapiga magoti, nikadhani anamkumbatia mtoto, kumbe anafungua mkanda. Akaniomba wiki moja tu azisafishe na kuzipiga picha. Jioni ileile bibi akapiga simu kuuliza kama kitukuu wake ameshatembea. Nikasema bado. Niliona ni wiki moja, uongo wa wiki moja una ubaya gani.

Kwenye kundi lao wakachanganyikiwa, wanasema kitu kama hicho hawajawahi kukiona. Wiki ikapita, njuga zikaingia kabatini. Nikimuuliza anasema, "Zikienda huko, kesho kutwa kuna mtu atazipeleka kwenye vyuma chakavu. Ukoo wenu mnachezea hazina kama vifuniko vya soda. Mimi naziokoa."

Kwa kuwa nimeshasema mtoto hatembei, inabidi asitembee. Sokoni wamejaa watu wa kwetu wanaoshusha ndizi na tangawizi, wote wanamjua bibi. Basi namfunga mgongoni asubuhi mpaka jioni. Anapiga mateke, anataka chini. Mgongo wangu umekwisha. Mama mmoja wa nyanya alinitania, "Mwenzetu, huyo binti atakuja kukubeba wewe lini?" Wote wakacheka na mimi nikacheka. Nikifika nyumbani nafunga mlango ndipo namshusha, anakimbia chumba kizima kama kifaranga kilichofunguliwa.

Anayefuata ni mtoto wa binamu yangu, yuko Maore. Wiki iliyopita binamu alinipigia anacheka. Akasema wake anajishikilia ukutani na anataka kuachia, lakini kila akinyanyuka yeye anamkalisha chini, anangoja njuga. "Pole dada," akaniambia, "wako atatembea tu." Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Bibi ndiye ananimaliza. Amepeleka jina la mwanangu kwa kina mama wa kanisani, wanamwombea. Tangu jana amefunga, hali chochote mpaka jua lizame. Jumamosi anashuka mwenyewe na mafuta ya mbarika aje kumkanda miguu. Kwenye simu aliniambia, "Usimlazimishe, mama. Na usijilaumu, hukukosea kitu."

Juzi nilimwomba mume wangu ufunguo. Akasema nimechelewa, yeye ameshakubaliana na mzee mmoja wa Arusha, Ijumaa anakuja wabadilishane na kitu alichokitafuta miaka mingi.

"Nimempa neno langu," akasema.

"Na mimi nilimpa bibi langu."

Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Basi ukimwambia bibi, mwambie yote. Aliyesema mtoto hatembei ni wewe. Mimi sijawahi kusema hivyo."

Na ni kweli. Hapo ndipo niliponasa, maana kila ninapomlaumu, ule uongo umetoka mdomoni mwangu.

Ovaroli lake nalifua mimi, ufunguo naweza kuuchukua kabla ya Ijumaa nikapanda gari la Maore. Lakini hajawahi kunificha kitu wala kunipekua, na nikimwibia sijui tutaangalianaje tena. Nikiacha, njuga za ukoo mzima zitapotelea mkononi mwangu, na Jumamosi bibi atamkanda miguu mtoto asiye na ugonjwa wowote, huku yeye bibi ana njaa ya siku nne.

Nishaurini ndugu zangu, hasa mliowahi kumdanganya mtu anayewaombea. Nianze na bibi nimwambie ukweli leo apate kula, au nianze na ufunguo? Semeni lolote, hata matusi nitayasoma. Ila asiniambie mtu niendelee kumbeba.