Makopo ya Magoti

Mama yangu hakuwahi kuumwa. Ukimuuliza hali, hata kama usiku kucha hakupata usingizi kwa magoti, atakujibu, "Mzima, alhamdulillahi," tena kwa sauti ya mtu anayekushangaa kwa kuuliza. Ndivyo walivyolelewa wanawake wa mjini wa rika lake: maradhi ni siri yako na Mola wako, na mwenye kuyatangaza ni kama anayemshitaki Mungu kwa majirani. Tulikuwa tukiishi wawili, mimi na yeye, katika fleti za Michenzani, ghorofa ya juu. Ngazi zile alizipanda kimya kimya, akisimama kila ghorofa na kujifanya anatazama watoto wanaocheza chini. Alichoshindwa kukificha ni kimoja tu: alikuwa anasali juu ya kiti.

Siku moja nilimkuta amekaa baada ya sala, macho yakiwa kwenye mswala uliotandikwa mbele yake. Akasema, nadhani kwa kujisahau, "Natamani paji langu liguse chini tena kabla sijafa." Hakulirudia. Lakini mimi nikishasikia kitu, silali.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na Mlandege palikuwa na duka la intaneti lililobanwa baina ya muuza vitambaa na fundi saa. Huko ndiko nilikoyaona makopo yale. Picha ilikuwa inashuka kwenye skrini pole pole, kama pazia: kwanza mvi, kisha uso, kisha bibi wa Kizungu, mkubwa kuliko mama, amepiga magoti bustanini anapanda maua. Amepiga magoti! Nilipigwa na bumbuwazi. Chini ya picha, makopo ya vidonge vya lishe ya viungo vya mwili, vilivyotengenezwa kwa mifupa laini ya papa. Kadi ya kulipia sikuwa nayo. Alikuwa nayo binamu yangu wa Maskati, akalipa yeye. Nikatoka nje juani. Nilikuwa nimeiambia Amerika shida ya mama yangu kwa ncha ya kidole, na Amerika imeniitikia.

Mama alipoambiwa, alicheka mpaka akapaliwa. "Papa? Papa mkavu tushamla tangu tunaota meno. Angekuwa dawa, saa hizi n'ngekuwa naruka kamba."

Mzigo ulifika, na ukakwama kwenye ofisi ya forodha. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye upole ulionipandisha hasira zaidi kuliko kama angenifokea. Boksi alishalifungua. Dawa za kutoka nje haziingii hivi hivi, aliniambia, na makopo mengi namna ile ni mzigo wa dukani. Nikamwambia si dawa, ni chakula.

"Chakula cha vidonge?"

Nikamwambia basi ni dawa, ya mama yangu. Akasema nimlete mgonjwa wangu aonekane, la sivyo mzigo utarudi ulikotoka. Nilitoka pale natweta kwa ghadhabu.

Kesho yake mama alijipamba kama mwenda harusini: buibui jipya, wanja, nguo zimefukizwa udi. Nikamsihi aende vile vile alivyo nyumbani, aonekane mnyonge kidogo. Akanitazama kama nimetukana. Ngazi alishuka ameng'ang'ania ukuta, lakini tulipofika mlangoni pa ofisi aliniachia mkono na kuingia wima.

"Shikamoo, bi mkubwa," afisa akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"U mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Na magoti je?"

"Hayajambo, tunamshukuru Mungu. Watoto hawajambo?"

Afisa akanigeukia. "Mgonjwa wenyewe ndiye huyu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Mama, mwambie!" Mama akatabasamu tu.

Adhana ya adhuhuri ndiyo iliyotuamua. Afisa akasema tutazungumza baada ya sala, akatuonesha chumba cha nyuma wanachosalia wanawake wa pale ofisini, mwenyewe akaenda kutawadha. Miswala ilikuwapo, na maboksi mpaka darini, kiti hakuna. Nikataka kwenda kukiomba, mama akanishika mkono na kutikisa kichwa. Kuomba kiti ni kusema unaumwa. Mimi siku zile nilikuwa sisali, kwa ada yetu wanawake ya kila mwezi, nikabaki nimesimama ukutani.

Alihirimia sala. Alirukuu. Kisha, mbele ya macho yangu, akaanza kwenda chini, mkono mmoja kwenye boksi, magoti yakialika, mpaka paji lake likagusa chini. Alikaa pale muda mrefu, nikaona mabega yanatikisika, nikajua analia. Alipotaka kuinuka kwa rakaa ya pili, hakuweza. Alijaribu tena, hakuweza. Nami nilikuwa nimeganda, maana mtu yumo ndani ya sala, unamgusaje?

Afisa alikuwa amerudi, maji ya udhu yanamchuruzika usoni. Hakuuliza kitu. Alimtia mkono kwapani upande mmoja, akaniashiria kwa kichwa nishike upande wa pili, tukamnyanyua. Tukafanya hivyo mpaka sala ikaisha. Katika maisha yangu sijapata kuona jambo kubwa kama lile, na lilifanyika baina ya vifurushi vya watu.

"Bi mkubwa," afisa akasema baadaye, "mbona uliniambia u mzima?"

Mama akamshangaa kwelikweli. "Mwanangu, si uliniamkia? Mtu akikuamkia, utamjibu maradhi?"

Afisa alicheka, akagonga muhuri, tukabeba makopo yetu.

Vidonge alivimeza hadi vikaisha, na magoti yakabaki yale yale. Lakini alasiri ya siku ile ile, kabla hata hajafungua kopo, nilikuwa jikoni nikasikia ananiita.

"Naam, mama!"

"Njoo unishike. Nataka kusujudu."

Mikono yangu ilikuwa na unga. Nilikwenda mbio hivyo hivyo, maana mama yangu, ambaye tangu nizaliwe hakuwahi kuniambia panapomuuma, alikuwa amesimama juu ya mswala ananingoja.