Mume Aliyepimwa

Uvimbe ulinianza chini ya sikio la kushoto, mdogo tu. Nilikuwa nauza samaki wa kukaanga pale Somanga, basi likisimama nami mbio na beseni, sina muda wa kujitazama kwenye kioo. Mama mkwe ndiye aliyeuona. Akasema ni mtoki, akaukanda kwa majivu ya moto. Ukaja wa pili, ukaja wa tatu, mpaka ushungi ukawa haufichi tena, nikaenda hospitali.

Wakanichoma sindano shingoni wakavuta majimaji, wakanipiga picha ya kifua, wakanitemesha makohozi. Nilipoitiwa majibu, daktari akasema nina TB ya tezi. Nikamuuliza jambo moja tu, maana ndilo lililonikaba: mume wangu nimeshamwambukiza?

"Hapana, mama. Kifua chako kisafi. Hii ya tezi haimpati mtu kwa pumzi yako wala kwa kulala naye. Ila wewe umeitoa kwa mtu anayekohoa, kwa hiyo wa nyumbani wote waje wapimwe."

Nikarudi roho imetulia. Mjinga mimi. Mama mkwe akasema nyumbani kwake hapimwi mtu, mgonjwa mmoja anatosha. Mume wangu yeye alinisikiliza, akala, akalala nami kama kawaida. Tungefika, naamini tungefika, kama si kitambaa.

Tuliochezwa unyago tunajua. Somo wangu, yule mama aliyenifunda nilipokuwa mwali, alinifundisha kwamba mume hafutwi kwa tambara lolote. Kuna kitambaa cheupe, kinafuliwa, kinafukizwa udi, na mkishamaliza shughuli yenu mke ndiye anayemfuta mumewe jasho na yaliyobaki. Kinakuwa cheupe ili kisifiche kitu. Alfajiri moja nikamfuta, nikajifuta na mimi, kitambaa kikatoka na rangi ya chungwa. Nesi alikuwa ameniambia kuwa dawa zile za TB nilizoanzishwa zinageuza rangi ya mkojo. Hakuniambia kuwa zinageuza na jasho, na machozi, na kila maji ya mwilini.

Mume wangu akakishika kwa ncha za vidole, akakipeleka dirishani.

"Hii nini?"

"Dawa hiyo."

"Dawa si unameza? Huu ugonjwa unatoka, na unanipaka mimi."

Kulipokucha mama yake alikuwa ameshajua. Mwanamume mzima, ndevu hizo, anampelekea mama yake kitambaa cha chumbani. Mama mkwe akakianika kwenye kamba ya uani, majirani wakione. Akaninunulia sahani yangu na kikombe changu, akaviweka kando ya bakuli la paka. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku ameziba pua na upindo wa kanga. Wiki haikuisha nikaambiwa nikapone kwetu, Kinjumbi.

Nikawa nameza dawa na hasira pamoja. Mume nikimpigia simu hapokei. Nikamtafuta somo, maana mambo ya chumba cha mtu na mkewe ni yeye mwenye ruhusa ya kuyasema, na mume wangu asingethubutu kumfukuza.

"Mwambie akapime," nikamsihi. "Akijua sikumwambukiza, atanirudisha. Usimwachie mpaka aende."

Hakumwachia. Alimfuata shambani kwenye mikorosho, akamfuata gengeni, akamngoja nje ya msikiti watu wakitoka swala ya Ijumaa. Mwanamume akachoka, akaenda.

Somo akaja Kinjumbi kwa bodaboda, amejaa vumbi hadi kope. Mimi napepeta mchele. Uvimbe ulikuwa umepasuka ukakauka, limebaki kovu.

"Amepima?"

"Amepima, mwanangu."

"Wamemwambiaje?"

"Mzima. Hana kitu kifuani, hana kitu popote."

Nikatupa ungo, nikapiga kigelegele peke yangu uani, nikaanza kuanua nguo nifunge mzigo. Nilikuwa nacheka. Somo akanishika mkono, akanikalisha kwenye jamvi.

Akaniambia kuna binti wa Songo Mnara. Mume wangu alikuwa ameshampelekea posa, lakini wazazi wa binti walisikia kwamba mke aliyenaye ana TB, wakaikataa: hawamtoi mtoto wao mpaka wahakikishiwe kuwa mwanamume hajaambukizwa. Sasa wamehakikishiwa. Ndoa ilifungwa juzi. Mimi ameniacha, na talaka amemtuma somo aje nayo kinywani.

"Mimi sikujua, mwanangu. Wallahi sikujua. Nilipokuwa namhimiza nilidhani anakwenda kwa ajili yako."

Nikazitazama nguo mapajani mwangu. Nikamwambia:

"Kumbe, somo, tulikuwa tunamposea."