Jiwe Nililoficha Kwenye Gunia la Pamba

Admin, jina langu libaki kwako, maana hapa Somanda nikijulikana nimekwisha. Mimi ni mama wa miaka 49, mjane, nina binti mmoja. Msinionee huruma mapema, someni kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini, tunaishi kwenye senta ndogo kando ya mto. Senta nzima ilikula kupitia jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba. Na sisi wakulima, tusidanganyane, tulikuwa na ujanja wetu: pamba unainyunyizia maji, unatia na mchanga ili izidi uzito kwenye mzani. Mwaka ule wapimaji wa jineri mchanga walikuwa wanaugundua. Basi mimi, kwa kujifanya mjanja, nikazamisha gunini kipande cha jiwe la kusagia la bibi yangu lililokuwa limevunjika. Gunia likapimwa, likapokelewa, tena nilicheka.

Kesho yake saa nane mchana, upepo unavuma, tukasikia mlio mkali jinerini, kisha moshi. Pamba ikishika moto haisubiri mtu. Moto ulitokea madirishani, ukarukia malundo ya nje, ukaingia nyumba za nyasi. Kiangazi kile mto ulikuwa mchanga mtupu, tukachimba kwa mikono tukapata maji ya kikombe. Jirani yetu aliingia kutoa watoto wake, hakutoka yeye wala wao. Ng'ombe waliungulia zizini.

Fundi wa mashine akatoka, mikono imebabuka. Watu wakamzunguka, wanamuuliza amefanya nini. Akasema, "Siyo mimi, jamani. Mashine imekula jiwe, likatoa cheche. Hili hapa." Akaliinua. Nililijua palepale, na yeyote wa nyumbani kwetu angelijua. Hofu ikanipanda, nikapiga yowe katikati ya watu: "Muongo huyo! Nimemwona anavuta sigara kwenye pamba!"

Yule kaka hakuwahi kuvuta sigara.

Rungu la kwanza lilimpata mdomoni. Yakafuata matofali, mapanga, mateke, na mimi nikarusha tofali langu ili nisishukiwe. Alikuwa anamwita mama yake, "Mayu, mayu." Wakamburuta, wakamtupa kwenye pamba inayowaka. Alijaribu kutoka mara mbili, wakamrudisha kwa miti. Mimi nikaliokota lile jiwe nikalitupa chooni. Senta ile haikuinuka tena, kila mtu akashika njia yake, mimi nikahamia huku mjini.

Sasa mwaka huu binti yangu kaniletea mchumba, kijana mpole, fundi pikipiki. Nikauliza ukoo wake, akamtaja baba yake. Ni mtoto wa yule fundi, siku ile alikuwa bado tumboni mwa mama yake, aliyekuwa kwao kijiji kingine akisubiri kujifungua. Nikaanza visababu, mara dini, mara wanatoka mbali. Binti akaniambia, "Mama, nipe sababu moja ya kweli, nitamwacha." Nikarudia ileile ya dini. Na ana mimba ya miezi minne.

Wiki iliyopita mama wa kijana alikuja kujitambulisha. Alinishika mikono yote miwili. Akasema, "Mayu, mume wangu aliuawa kama mwizi. Yule mwanamke aliyesema sigara, siku nikimjua namfuata kwa panga, hata na uzee huu." Akafuta machozi, akatabasamu. "Lakini Mungu yupo. Mjukuu wetu akiwa wa kiume atachukua jina la babu yake. Naomba wewe mkwe wangu ndiye umwite wa kwanza." Nikamjibu sawa. Ndugu zangu, nilimjibu sawa!

Nikisema, binti yangu ataachwa na mimba yake, na yule mama hatanii, nimemtazama machoni. Nikinyamaza, nitambeba mtoto mgongoni nikimbembeleza kwa jina la mtu niliyemuua. Nitukaneni mnavyotaka, mimi mwenyewe najitukana kila siku. Ila mwenye hekima kidogo aniambie: niseme, au nimwite tu mtoto jina lile?