Kinyakyusa Changu Kilipovuka Songwe

Msinicheke bado, subirini nifike jukwaani. Bendi yetu ya vijana wa Kyela ilialikwa kupiga Karonga, Malawi, na mgeni rasmi aliahidi kwamba tukimfurahisha atatupeleka hadi Mzuzu. Mimi, mtoto wa mwenye duka wa Mbugani, palepale Kyela, ambaye baba yake alitoka Tanga, nilipewa kazi ya utangazaji. Ndani ya koti langu la mtumba nilijiona balozi. Tulipovuka mto Songwe nikajua tuko ughaibuni, hakuna atakayeelewa lugha ya kwetu.

"Nikiwasengenya kwa Kinyakyusa, msicheke mkaniharibia," niliwaambia wenzangu.

Ambakisye, mpiga gitaa wetu, akaanza, "Lakini huku, kaka..."

"Wewe shika gitaa lako."

Jukwaani nikawashukuru wenyeji kwa Kiingereza cha darasani. Halafu, kwa tabasamu la adabu kabisa, nikahamia Kinyakyusa: tumbo la mgeni rasmi limeizidi ngoma yetu kubwa, na samaki tuliolishwa mchana walikufa kabla ya uhuru.

Nikageuka nione wenzangu wanavyojibana. Wote walikuwa wanatazama viatu. Kicheko kilitoka nyuma yangu, ukumbi mzima, akina mama wakishikana mabega.

Mgeni rasmi akapanda, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, akanishukuru kwa Kinyakyusa kilichonyooka kuliko changu.

"Ndaga fijo, mwanangu. Wale samaki alipika mke wangu. Yule pale, anakuja."