Lenzi Aliyokataa Kuiuza

Nilipoanza kupiga picha nilikuwa nafundisha shule ya msingi Rujewa, na uchovu wangu haukuwa ule wa kulala ukaisha. Wiki nzima nilisimama mbele ya watoto, Jumamosi nikasimama kwenye harusi na sendofu za watu, zile sherehe za kumuaga binti kabla ya ndoa, kamera shingoni. Lenzi iliyokuja na kamera ilishindwa kabisa ukumbini. Picha zilitoka nyeusi au zimetikisika. Wazoefu wakaniambia nitafute lenzi inayoingiza mwanga mwingi. Mpya sikuiweza, nikaenda kwenye mtumba.

Ya kwanza niliipata Mbeya, kwa bwana mmoja aliyeuza simu zilizotumika. Aliifuta kwa shati lake, akasema haijatumika hata kidogo. Nilikagua kioo cha mbele, sikuona mkwaruzo, nikaridhika. Sikujua kwamba lenzi hutazamwa ndani.

Nikaenda nayo kwenye sendofu ya binti wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka Usukumani, watu wakarimu walionilisha kabla sijafungua begi. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha zilionekana nzuri. Nilipozikuza kwenye kompyuta, kila uso ulikuwa kama umefunikwa na mvuke.

Mama wa yule binti alizitazama zote bila haraka. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hivi siku ile kulikuwa na moshi?"

Nilimweleza kuwa ni lenzi. Hakugomba. Alichagua chache zenye nafuu, akasema zitatosha. Afadhali angenigombeza. Baadaye fundi kamera aliimulika kwa tochi, akanionyesha kuvu iliyotanda ndani kama utando wa buibui.

Likizo ilipofika, rafiki yangu wa Iringa akanipigia. Alisema kuna mama mjane pale mjini, mumewe alikuwa mpiga picha, na sasa anauza vifaa vyake. Nilizungumza na yule mama kwenye simu, tukakubaliana juu ya lenzi moja ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali, nikapanda basi la asubuhi.

Alinipokea mlangoni akiwa amejitanda kitenge. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia niingie haraka, nje kuna baridi. Lenzi zilikuwa mbili, ndani ya kopo la mchele mkavu. Marehemu ndivyo alivyozihifadhi zisipate unyevu. Nikawasha tochi ya simu. Ile ndogo ilikuwa na mkwaruzo pembeni tu. Ile ndefu ilikuwa safi kama maji ya kisimani. Kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe nilijisikia mwepesi.

Mama akaniuliza natafuta nini humo ndani. Nikamsimulia habari ya kuvu. Akasema yeye hajawahi kuchungulia hata mara moja, marehemu alimkataza kuzigusa, eti mikono yake ina mafuta ya kupikia. Basi nikaifunga ile ndefu kwenye kamera yangu, nikamvisha mkanda shingoni, nikamwonyesha pa kuweka jicho.

Aligeukia dirishani. Ng'ambo ya barabara jirani yake alikuwa anaanika nguo. Mama akanyoosha mkono mbele, kama anataka kuzishika nguo zile.

"Kila sherehe mume wangu alikuwa anasimama mbali na mimi," akasema, jicho bado liko kwenye kamera. "Nilidhani ananionea aibu. Kumbe alikuwa hapa hapa."

Alipoishusha aliniomba radhi. "Hii nisamehe, mwanangu. Chukua ile ndogo."

Nilimkumbusha makubaliano yetu. Nikamwambia pia kwamba lenzi peke yake, bila kamera, haitamsaidia kitu. Akajibu, "Najua." Nilikuwa nimetoka mbali, mgongo unauma, na kile nilichokifuata kilikuwa mezani mbele yangu. Alinipakulia ugali na maharage, nikala, nikachukua ile ndogo. Njiani hadi Makambako nilikuwa na hasira, kisha hasira nayo ikachoka.

Sikurudi tena kwake wala sikumpigia.

Lenzi ile ndogo ndiyo niliyo nayo hadi leo. Picha zake ni safi, na mkwaruzo hauonekani. Tatizo lake ni kwamba haivuti; nikitaka uso wa mtu lazima nimfuate mwenyewe, nipite katikati ya viti nikiomba radhi, na sherehe ikiisha miguu imevimba. Mwezi uliopita bibi harusi mmoja aliniuliza kwa nini namsogelea hivyo. Nikamwambia lenzi yangu haifiki mbali. Akakusanya gauni lake kando, nikapata pa kusimama.