Daftari Tupu la Darasa la Saba

Mwaka wangu wa nne Garissa, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa nimechoka na kila kitu: joto chini ya mabati, vumbi kwenye chai, barua za kuomba uhamisho ambazo hakuna aliyezijibu. Mama alikuwa mgonjwa kwetu bara, safari ya siku mbili. Nilitaka kwenda nyumbani, basi.

Nilifundisha Kiingereza katika shule moja ya mtaa wa Waberi. Muhula huo tulikuwa kwenye maneno yanayofanana kwa sauti, yale yanayowaangusha watoto kwenye mtihani: weather na whether, bare na bear. Nikawaeleza habari za dubu, mnyama ambaye mimi na wao hatujawahi kumwona. Jozi tano kwa siku, bila hamu, hadi zikafika arobaini.

Siku moja akaja mkaguzi wa shule. Akaomba daftari la msichana wa dawati la mbele, mtoto wa wafugaji wa Sangailu aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake. Akafunua kurasa zote. Tupu. Penseli ilikuwa imefutwa kabisa.

"Mwalimu, hawa unawafundisha nini?"

Sitadanganya, nilifurahi. Mwalimu asiyefaa huondolewa, na mimi nilitaka kuondolewa. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza tu.

Lakini mkaguzi akamgeukia msichana, akamwita mvivu, akasema arudishwe darasa la sita. Msichana akasimama.

"Mimi si mfifu, wallahi. Nimefuta kwa sababu imeingia kichwa. Hata duksi tunafanya hifyo."

Alisema kweli. Kule duksi, kwenye chuo cha Kurani, ubao huoshwa mtoto akishahifadhi aya. Nilikuwa nimeliona jambo hilo miaka minne. Kunyamaza kukanishinda.

"Muulize, bwana," nikasema. "Jozi yoyote."

Alizitoa zote arobaini, herufi kwa herufi, na maana zake, hata dubu. Mkaguzi akanishika mkono akautikisa kwa furaha.

Mwezi uliofuata jibu la uhamisho likaja: mwalimu wa kiwango changu anahitajika Garissa. Nilimwandikia mama kwamba bado. Kisha nikaingia darasani, nikaandika ubaoni jozi ya arobaini na moja. Msichana wa Sangailu alikuwa ameshachonga penseli. Nilimchukia kwa dakika moja hivi, halafu nikaanza kuwasomea.